Ndimi Tatu za Kinanda

Katika miaka ya sabini furaha zangu zilikuwa chache, na karibu zote zilikaa siku moja, Jumamosi. Nilikuwa karani wa ghala la mizigo katika stesheni ya Mpanda. Treni ya Jumamosi ilipokwisha kupakuliwa, gadi alinikabidhi furushi la magazeti ya siku nne au tano zilizopita. Nililiweka kwapani bila kulifungua, kwa sababu magazeti nilikuwa nayasoma Jumapili mchana, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Nyumbani nilikuta maji ya kuoga yamekwisha chemka. Nilikunywa chai ya tangawizi kwa karanga za Kabungu, nikavaa shati lililopigwa pasi ya mkaa, nikatungua ufunguo wa kanisa kwenye msumari nyuma ya kalenda, nikaenda kanisani nusu saa kabla ya wanakwaya.

Nusu saa hiyo niliisubiri juma zima. Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na mapadre wa zamani, na miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Sikuwa mpiga kinanda. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyoyajua niliyapata kwenye magazeti, kwenye kamusi isiyo na jalada, na kwenye masomo yaliyokuja kwa posta. Muziki nilijifundisha kwa kidole kimoja. Nyimbo mpya za Kiswahili zilitufikia kwenye karatasi, nami nilikaa peke yangu nikikanyaga na kutafuta sauti moja baada ya nyingine hadi wimbo ukatoka wote. Vibao kadhaa vilikuwa bubu. Ukivibonyeza vilishuka na kupanda, lakini hakuna kilichosikika ila pumzi. Nilidhani ndivyo vinanda vinavyozeeka. Watu waliponiita mwalimu wa kwaya sikukataa, maana hapakuwa na mwingine.

Lazima niseme wazi, kwa sababu linaeleza yaliyofuata, kwamba ufunguo ule ndio kitu pekee nilichokuwa nacho mimi na mtu mwingine wa Mpanda hakuwa nacho. Padre mwenyewe alikuwa akiniomba.

Binti yangu wa pili alikuwa na miaka kumi na sita. Katika mafundisho ya kipaimara alipata rafiki wa umri wake kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, ambayo wakati huo yalikuwa na miaka mitatu hivi tangu yafunguliwe. Kila Jumamosi asubuhi rafiki huyo alikuja mjini na kikapu cha unga wa muhogo na maharage. Aliuza sokoni, akalala kwetu, Jumapili akasali nasi, kisha akarudi kwao. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali, na kibali cha kulala nje ya makazi kilitaka jina la mwenyeji mjini na saini yake. Mwenyeji nilikuwa mimi. Kila juma nilikisoma kibali chote, pamoja na maneno yaliyochapwa ambayo hayakubadilika kamwe, ndipo nikatia saini. Halafu nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kumwarifu kwamba nina mgeni. Balozi alikuwa na desturi ya kuuliza, "Ni yule yule?" nami nilijibu ni yule yule, ingawa sikupenda jinsi alivyouliza. Zilikuwa siku ambazo mtu mgeni aliangaliwa mara mbili, na anayemkaribisha aliangaliwa mara tatu.

Msichana mwenyewe hakuwa na kosa la kuonekana. Aliamka mapema, akafagia uwanja kabla ya binti yangu kufungua macho, akaniamkia kwa kupiga goti kidogo. Aliongea Kiswahili cha polepole, akipanga maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Upole wake ndio ulionifanya nimtazame. Mtu asiyekosea hata mara moja, niliwaza, ni mtu anayejilinda.

Jioni moja kabla ya Kwaresima tulikuwa tunakula wali wa Mpimbwe na dagaa. Binti yangu alisema kwamba mwenzake ana ndoto moja, apige kinanda kwenye Misa ya Pasaka, kanisa likiwa limejaa hadi watu wamesimama nje. Msichana alitazama sahani. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema baba yake alikuwa mpiga kinanda na fundi wa kukitunza katika parokia yao, na alimfundisha tangu vidole vyake havijaweza kufika sauti nane, kutoka do hadi do ya juu.

Nilikuwa nimesikia habari nyingi za namna hiyo. Kila aliyekimbia, kule alikotoka alikuwa mtu mkubwa. Nikamuuliza jina la parokia. Baada ya majuma mawili nikamuuliza tena, kwa njia nyingine, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Lakini jibu linaweza kukaririwa, kwa hiyo hilo halikunipa utulivu. Nilimwambia kinanda ni mali ya parokia, na kwamba hata mimi sikigusi ila kwa kazi. Akasema, "Ndiyo, baba," na hakuomba tena. Kutoomba tena nako nilikuandika moyoni.

Kwaresima ikafika. Parokiani kwetu kinanda kilinyamaza Kwaresima yote. Padre alikifunika kwa kitambaa cha zambarau, nasi tuliimba kwa midomo mitupu mpaka mazoezi ya Pasaka, yaliyoanza Jumamosi ya kuamkia Dominika ya Matawi. Ufunguo ulibaki kwangu, na kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kuongeza mafuta ya taa kwenye makopo. Sikubonyeza hata kibao kimoja. Nusu saa yangu ilipotea, na huenda hilo lilinipa nafasi ya kuona mambo mengine.

La kwanza lilikuwa ufunguo wenyewe. Mimi huutundika meno yakitazama mlangoni. Jumamosi ya pili ya Kwaresima niliukuta meno yakitazama ukutani. La pili lilikuwa swali. Binti yangu, ambaye hajawahi kujali kama treni imefika au imepinduka, alianza kuniuliza kila Jumamosi asubuhi nitatoka stesheni saa ngapi. Nikamjibu saa tisa. Nikaona yeye na rafiki yake wakitazamana.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kanisani na uzi mweusi wa kushonea. Niliufunga kwenye mfuniko wa kinanda, kutoka bawaba moja hadi nyingine, mahali ambapo asiyejua hangeuona. Nyuma ya kinanda, chini ya ubao wa mgongo, nilinyunyiza unga kidogo. Mke wangu aliniona nikirudi na mikono myeupe, akataka kujua nimekuwa nikifanya nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wewe," alisema, "ukikosa mwizi utamfuga."

Jumamosi jioni nilikuta uzi mzima. Mfuniko haukuwa umefunguliwa. Lakini unga wa nyuma ulikuwa na alama za magoti, jozi mbili, na skrubu za ubao wa mgongo zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Nilirudi na bisibisi, nikaufungua ubao.

Ndani ya kinanda cha namna ile kuna safu ya vipande vyembamba vya shaba, kila kimoja kwenye chumba chake kidogo cha mbao. Huitwa ndimi. Upepo ukipita, ulimi hutetemeka, na hiyo ndiyo sauti. Nilizihesabu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Vyumba vitatu vilikuwa vitupu.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba anayechunguza hapaswi kupiga kelele kabla ya kuwa na hakika. Niliurudisha ubao, nikasubiri juma moja, nikahesabu tena. Vyumba vitatu, sawasawa na mara ya kwanza. Nikahitimisha kwamba mwizi alichukua tatu siku moja na amezuiwa na woga asichukue zaidi, au bado anatafuta mnunuzi. Shaba ilikuwa na wanunuzi, tangu mgodi wa madini ya risasi ulipofungwa na watu kuzoea kung'oa kila kilichobaki kule.

Jumapili hiyo, msichana alipokuwa akiaga, nilijitolea kumpakilia dagaa wa Karema kwenye kikapu, zawadi kwa mama yake. Ilikuwa zawadi ya kweli, na pia ilikuwa upekuzi. Chini ya mfuko mtupu wa unga palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Nilikibonyeza. Nikalegeza fundo kwa kidole gumba, wao wawili wakiwa mlangoni wanaagana na mke wangu. Nikaona shaba. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nikakaza fundo, nikaweka dagaa juu, nikampa kikapu chake. Alipiga goti akanishukuru. Nikamtazama usoni nione kama ataona haya. Hakuona haya, nikasema moyoni kwamba huyu amezoea.

Jumatatu niliandika barua kwa ofisi ya makazi. Sikuandika neno wizi, maana sikutaka kuitwa kutoa ushahidi dhidi ya mtoto aliyelala chini ya paa langu. Niliandika sentensi mbili: kwamba kuanzia tarehe hiyo sitaendelea kuwa mwenyeji wa msichana huyo, na kwamba naomba saini yangu ya siku zijazo isitambuliwe. Nilijua maana yake. Bila mwenyeji hakuna kibali, na bila kibali hakuna soko, hakuna Misa ya mjini, hakuna rafiki. Gadi aliichukua barua kwenye treni iliyofuata na kuishusha Katumba.

Jumamosi msichana hakuja. Binti yangu alisimama barabarani hadi saa sita, akarudi, akakaa jikoni. Mke wangu alidhani ni mvua, kwa kuwa ilikuwa masika na njia ilikuwa mbaya. Nikamwacha na dhana hiyo. Niliyasoma magazeti Jumapili hiyo kwa utaratibu ule ule, na jioni sikukumbuka hata habari moja.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia Matawi. Padre aliondoa kitambaa cha zambarau ili tufanye mazoezi ya Pasaka. Nilifika nusu saa kabla, kama zamani, nikafungua mfuniko, nikaanza kukanyaga. Nilitaka kwanza kujua ni sauti zipi tatu tumeibiwa. Nikabonyeza kibao cha kwanza upande wa kushoto, halafu kinachofuata, na kinachofuata.

Cha tano kilikuwa bubu tangu nilipokijua kinanda kile. Kililia. Sauti yake ilikuwa nene na safi. Niliondoa kidole kana kwamba nimeungua. Nikaendelea. Kibao kingine kilichokuwa bubu kikalia, na kingine. Nilivihesabu vibao tisa vilivyokuwa vimekufa na sasa vilikuwa hai. Vitatu tu ndivyo vilivyotoa pumzi tupu, na hivyo vitatu vilikuwa bubu miaka yote.

Nilikaa pale mpaka mwimbaji wetu wa besi akaingia. Alikuwa mpakuzi wa stesheni, mtu mpana mwenye mzaha. Akaniuliza kama kinanda kimenitukana. Nikamwambia leo hakuna mazoezi. Hilo halikuwa limewahi kutokea.

Nyumbani nilimwita binti yangu uwanjani, mbali na wadogo zake, nikamuuliza ndimi za kinanda ziko wapi. Hakukana. Alinieleza akitazama kuku. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya vyumba vya ndimi. Rafiki yake alijua hivyo tangu Misa yake ya kwanza kwetu, kwa kusikia tu, kwa sababu kinanda cha kwao kilikuwa na nyigu wale wale. Jumamosi nilipokuwa stesheni, na padre akiwa safarini kwenye vigango vya Mwese, wao wawili walichukua ufunguo wa kanisa, wakafungua ubao wa nyuma, wakavuta ndimi tatu kwa spoki ya baiskeli iliyopindwa ncha. Tatu tu, kwa sababu zaidi ya hapo baba yake hangemaliza kwa juma moja. Mzee huyo hawezi kutembea mwendo mrefu, na asingepata kibali. Aliondoa udongo na kutu, akazipasha na kuzinoa mpaka zikasema, na Jumamosi iliyofuata zilirudi, zikatolewa nyingine tatu.

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia.

"Ungekataa, baba," alisema. "Ungesema mali ya parokia."

Nikasema hilo si jibu. Akasema ndilo, halafu akaniuliza kama mimi najua kwa nini mwenzake haji. Nikamwambia. Hakulia. Aliingia ndani, na hakuongea nami hadi Jumatano.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu, nami nalieleza kama lilivyokuwa. Mara mbili nilihesabu vyumba vitatu vitupu, na mara zote mbili hesabu yangu ilikuwa sahihi. Sikuangalia ni vyumba vipi. Mtu aliyezoea kuhesabu magunia huridhika idadi ikilingana.

Jumatatu Kuu niliomba ruhusa kazini, nikachukua baiskeli nikaenda Katumba. Nusu ya njia nilipanda baiskeli na nusu nyingine niliikokota, matope yakijaa kati ya gurudumu na madigadi. Nilianzia ofisini. Karani wa makazi alikuwa kijana nadhifu, na barua yangu aliikuta mara moja, ikiwa imetobolewa na kufungwa kwa uzi. Nilimwomba anirudishie.

"Mzee, karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki," alisema. "Andika nyingine iiue."

Nikakaa kwenye benchi kuandika. Haikuwa rahisi. Nikisema nilimshuku wizi na sasa nimeridhika, neno wizi lingebaki ndani ya faili lake, na faili la mkimbizi lilikuwa karibu sawa na maisha yake. Nikisema kosa ni langu bila kulitaja, ningeonekana mtu wa kubadilika. Nikachagua la pili. Niliandika kwamba barua ya kwanza ilitokana na kosa langu mwenyewe, kwamba msichana hahusiki na kosa hilo kwa namna yoyote, na kwamba naomba niwe mwenyeji kama zamani. Mkuu wa makazi aliisoma akiwa amesimama. Akataka kujua kosa gani. Nikamjibu ni kosa la kuhesabu. Alinitazama kwa macho ambayo mimi mwenyewe nimeyatumia kwa watu wengi pale ghalani.

"Leo unakataa, kesho unataka," alisema. "Mwenyeji kigeugeu nitamwaminije?"

Mwisho alikubali kibali cha siku moja, Jumapili ya Pasaka, kutoka alfajiri hadi saa kumi jioni, bila kulala. Ya baadaye yataangaliwa baadaye.

Kutoka hapo nilielekezwa nyumbani kwa msichana. Hakuwepo, alikuwa shambani na mama yake, wakipalilia tumbaku. Baba yake alikuwa ameketi kibarazani, mguu mmoja umenyooka juu ya kigoda, mbele yake kipande cha ubao kilichopangwa tupa ndogo, nta ya nyuki na kitambaa. Nilijitambulisha. Hakuonyesha mshangao. Aliniuliza kama nimekuja na askari.

Nikasema hapana, nimekuja peke yangu. Akatazama barabara nyuma yangu kuhakikisha. Hakunikaribisha kiti mpaka alipomaliza kutazama, nami sikuweza kumlaumu. Nikamweleza kuhusu barua mbili na kibali cha siku moja. Alisikiliza bila kutikisa kichwa. Kisha akasema kwamba binti yake alikuwa amemwambia mwenye ufunguo ni mtu mwema ila haamini watu. Akauliza, "Hicho kinanda unakipenda?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nikasema ndiyo.

"Basi mbona uliwaacha nyigu wakae humo?"

Nikasema sikujua kwamba ni nyigu. Akaniangalia vidole, kisha akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa kitambaa kile kile nilichokijua, akafungua fundo. "Hesabu," alisema. Nikahesabu tatu. "Sasa soma," akasema. Nikainamisha kichwa, nikaona kwamba kila ulimi ulikuwa na namba ndogo iliyochongwa pembeni, namba ya chumba chake. Nilizishika ndimi hizi hizi kwa mkono huu huu wiki mbili nyuma, namba zikiwa pale pale. Mimi ninayesoma hadi matangazo ya vifo vya watu nisiowajua, sikuzisoma.

Jumamosi Kuu nilizirudisha mwenyewe, binti yangu akinishikia taa ya kandili kwa sababu ndani ya kanisa mvua ilikuwa imeleta giza. Alikuwa ameanza kusema nami, ila maneno ya lazima tu. Nilibonyeza vibao vyote. Vyote vililia. Nilikwenda kwa padre nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, pamoja na uzi na unga. Alicheka kidogo, akaacha, akasema kama msichana anaweza kupiga basi apige. Bado niliuliza moyoni: je, anaweza? Hakuna aliyekuwa amemsikia. Kurekebisha ni kazi moja na kupiga ni kazi nyingine, na huenda mwenye kujua ni baba peke yake. Usiku ule nilipanga kwamba akishindwa kwenye wimbo wa kwanza nitamgusa bega, nitakaa mimi, na kidole changu kimoja kitatosha.

Alifika Jumapili kabla ya kengele ya pili, matope hadi magotini, viatu mkononi. Alinawa miguu kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya kanisa, akaniamkia, akaingia. Kanisa lilijaa. Watu walisimama hadi nje, wengine wameshika miavuli. Msichana akakaa, akavuta kiti mbele kidogo, akatazama vibao bila kuvigusa. Kwenye vidole vyake kulikuwa na doa la tumbaku. Nilisimama mbele ya kwaya, mahali ambapo ningeweza kuiona mikono yake na mlango pia.

Akaanza. Sina maneno ya kitaalamu ya kueleza. Kwa miaka kinanda kile kilikuwa kimesema kwa sauti moja moja, kama mtu anayeita majina. Sasa mikono yote miwili iliongea pamoja, na chini ya sauti palikuwa na sauti nyingine, na chini yake nyingine. Watu wa mbele waligeuka. Mama mmoja mzee alijipiga ishara ya msalaba. Nikainua mkono, kwaya ikaingia.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Katika kiitikio cha wimbo ule kuna mahali ambapo sauti hupanda ngazi tatu. Ngazi ya kati ilikuwa kwenye kibao kilichokuwa bubu. Mimi, kwa kuwa kibao hakikunipa kitu, niliwafundisha kuivuta sauti ya kwanza na kuruka hadi ya tatu, na hivyo ndivyo Mpanda ilivyouimba wimbo huo tangu ulipotufikia. Kinanda kikapanda ngazi ya kati. Kwaya ikaruka. Pakasikika mgongano ambao hata watoto waliusikia. Wanakwaya wote wakanitazama, na wengi wao, nililiona hilo, walimtazama yule msichana kwa lawama. Mgeni ametukosesha.

Ubeti wa pili nilisubiri mahali pale nikiwa nimekaza meno. Tulipofika, kinanda hakikupanda. Ngazi ya kati haikusikika kabisa. Wazo langu la kwanza, nakiri, lilikuwa kwamba ulimi umekwama, kwamba mzee yule amenipa shaba isiyofaa. Nikageuka kutazama. Kidole chake kilikuwa juu ya kibao kile, kimeinuliwa, hakigusi. Alikuwa amesikia kosa letu mara moja tu, na akaliacha lipite, asitutie aibu mbele ya parokia nzima, siku ambayo aliiota miaka mingapi sijui.

Kabla ya ubeti wa tatu nilimtazama mpaka akaniona, nikaonyesha kibao kwa kidole. Akasita. Nikaonyesha tena. Tulipofika mahali pale alikibonyeza, nami nikaiimba ngazi ya kati kwa sauti yangu, ambayo si nzuri. Binti yangu akaiimba pamoja nami. Wengine waliruka kama walivyozoea. Tulisikika vibaya sana.

Alipiga Misa yote hadi mwisho. Watu walipotoka walitaka kumsalimia, na padre alitaka kumwuliza kuhusu Jumapili zijazo, lakini saa ilikuwa imekwenda na kibali kilikuwa cha saa kumi. Aliwashika watu mikono upesi upesi, akavua viatu, akaondoka na binti yangu akimsindikiza hadi mwisho wa nyumba za mjini. Kama angepata kibali kingine sikujua. Mkuu wa makazi alikuwa amesema yataangaliwa, na mimi ndiye niliyempa sababu ya kuangalia.

Wanakwaya walibaki wamenizunguka uani. Besi wetu alikuwa akijipepea kwa karatasi ya nyimbo.

"Mwalimu," alisema, "sauti ile uliificha miaka yote hii ukimwekea nani?"

Wenzake wakacheka. Ningeweza kusema kinanda kilikuwa kibovu, na lisingekuwa uongo. Walikuwa wakisubiri jibu, nami nilikuwa mtu wa kujibu.

"Sikuijua," nikasema.

Akaacha kujipepea. Aliniuliza kama kuna nyingine za namna hiyo kwenye nyimbo zetu. Nikasema nadhani ziko kumi na moja, na kwamba mtu wa kutufundisha yuko njiani, anarudi Katumba kwa miguu.